Barua Elfu Arobaini na Moja Ambazo Sikuziandika

Jina la nchi yetu sitalitaja. Anayeishi humu analijua, na asiyeishi humu hajaalikwa. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya watu wenye adabu. Kwetu mgeni hakataliwi mlangoni. Hata kama unamtafuta mtu ambaye hajawahi kuishi katika nyumba hiyo, utakaribishwa, utapewa kiti na maji, utaulizwa habari za kwenu na za safari, na ukisharudisha kikombe ndipo utaambiwa, kwa upole, kwamba umekosea nyumba.

Serikali ilipojenga Seva Kuu, ile mashine inayopokea barua pepe zote za nchi, ilitaka nayo iwe na adabu hiyo hiyo. Iliijengea nyumba yenye paa la buluu na kuifungia viyoyozi vinane. Wodi ya wazazi ina kiyoyozi kimoja, nacho kimewekwa ofisini kwa mganga mkuu ili kisiharibike. Siku ya uzinduzi Waziri wa Barua na Marejesho, Mheshimiwa Profesa Daktari Bakunda, alihutubia kwa saa mbili na nusu. Nilikuwepo. Tuligawiwa kofia.

"Ndugu wananchi," alisema, "ziko nchi ambazo barua ikifika langoni inaulizwa, unamtaka nani? Ikitaja mtu asiyekuwepo inafukuzwa pale pale, juani, haijapumzika! Je, huo ni utu?"

"Siyo!" tukaitikia.

"Seva yetu itapokea kila barua kwa mikono miwili. Ikishaipokea ndipo itachunguza kama mwenyewe yupo. Akiwa hayupo, barua itarudishwa kwa yule ambaye jina lake limeandikwa nyuma ya bahasha, pamoja na maelezo. Hakuna barua itakayorudi bila maelezo!"

Tulipiga makofi mpaka kofia zikaanguka. Hakuna aliyeuliza itakuwaje kama jina la nyuma ya bahasha ni la uongo. Ingekuwa ni kumshuku mgeni.

Barua hizo za marejesho zina jambo moja la ajabu: mahali pa jina la mtumaji pameachwa wazi. Zinatoka kwa hakuna mtu. Baadaye nilielezwa kwamba ni makusudi, maana marejesho yakijibiwa, na jibu nalo likirudishwa, mashine zitabaki zikirudishiana mpaka kiama. Niliona ni busara. Serikali nayo iliupenda utaratibu huo, ikauhamishia kwenye barua zake zote.

Jambo jingine la kujua ni hili. Kila raia ana anwani moja: jina lake, halafu jengo alipo. Ukihamia jengo jingine, anwani inahama nawe. Sheria inasema hakuna raia atakayekaa bila anwani hata siku moja, na hiyo ndiyo sheria pekee ya nchi yetu ambayo sijasikia imevunjwa.

*

Binti yangu Salha ni muuguzi katika zahanati ya mtaani kwetu. Ni mtu wa kufunga vitu. Mfuko wa mkate, kanga ya kubebea mtoto wa jirani, kitambaa cha chakula, vyote anavifunga kwa fundo la bandeji: bapa, ncha zimefichwa chini zisimkwaruze mgonjwa. Nilimwambia mara nyingi, "Mwanangu, mkate haujaumia." Anacheka, anafunga.

Siku moja jokofu la chanjo la zahanati liliharibika. Salha akamwandikia Waziri wa Afya, kwa heshima zote, kwamba chanjo zinaoza na watoto wanachanjwa maji. Barua nyingi katika nchi yetu hazifiki. Yake ilifika.

Walikuja vijana wawili. Walifuta viatu mlangoni bila kuambiwa. Mmoja alimbebea Salha mkoba, mwingine akaniambia, "Mama, ni mazungumzo mafupi tu." Nikawapa maji. Walirudisha vikombe wenyewe mpaka jikoni. Siwezi kusema walikuwa na malezi mabaya.

Nilimwandikia Salha siku ile ile, kwenye simu aliyoninunulia yeye, kwa kidole kimoja. Nilimuuliza kama amekula. Jibu lilitoka kwa hakuna mtu: "Barua yako imechelewa. Tutaendelea kujaribu kwa siku tano. Huhitaji kufanya lolote." Sikufanya lolote kwa siku tano. Siku ya sita ikaja nyingine: "Barua yako imeshindwa kufika. Maelezo: mtumiaji hajulikani."

*

Nilikwenda Ofisi ya Marejesho, dirisha la tatu, kwa Bwana Kilimba. Ni mtu mnene mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta binti yangu, Salha. Alichukuliwa na vijana wenu wawili, wenye adabu sana."

Akabofya, akasoma, akavua miwani. "Hajulikani."

"Mimi namjua."

"Wewe unamjua, Bibi, hilo silipingi. Lakini seva haimjui. Sasa tukianza kumfuata kila mtu anayemjua mtu, nchi itakwenda wapi?"

"Nimemzaa mimi."

"Sema polepole, Bibi." Akainama karibu na dirisha. "Nikiandika kwamba umezaa mtu asiyejulikana, matatizo yatakuwa yako. Lete kadi yako ya familia nikusaidie."

Palipoandikwa "watoto: mmoja" akakata mstari, akaandika "watoto: inachunguzwa". Akapiga muhuri. Halafu akanieleza utaratibu: mtu asipojulikana kwa siku tisini, jina lake linafutwa kwenye Daftari la Raia. Likishafutwa hawezi kutafutwa tena, kwa sababu fomu ya kumtafuta mtu inadai namba yake ya Daftari.

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Usubiri, Bibi. Ila usisubiri zaidi ya siku tisini."

Nilikuwa nakohoa. Akanipa peremende ya kifua kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Sijaisahau.

Nikarudi nyumbani nikaendelea kuandika. Umekula? Wamekupa shuka? Kila siku barua moja, kila siku hajulikani.

*

Siku ya sitini simu yangu ilianza kutetemeka asubuhi, haikunyamaza. Ilitetemeka mpaka ikaanguka kutoka mezani, ikaendelea kutetemekea sakafuni. Nilipoiokota ilikuwa na marejesho mia tatu na kumi na mawili. Wakati nahesabu yakawa mia nne.

"Barua yako kwa Mheshimiwa Jaji Mstaafu, kuhusu dawa ya kurudisha nguvu za kiume, imeshindwa kufika."

"Barua yako kwa Chuo cha Ualimu, kuhusu nywele bandia kutoka ng'ambo, imeshindwa kufika."

"Barua yako kwa Marehemu Askofu, kuhusu jinsi ya kupunguza tumbo kwa siku tatu, imeshindwa kufika."

Jirani yangu Mwanamkuu alisoma juu ya bega langu. "Kidawa," akasema, "hii dawa ya nguvu unayo hapa ndani?"

"Sina, dada. Wala sijui inafananaje."

"Haya. Ukiipata usimwambie mtu kabla yangu."

Baada ya wiki moja yalikuwa elfu arobaini na moja. Redio ilitangaza kwamba uandishi wa barua umepanda mara tisa, na Waziri Bakunda akasema huo ni ushahidi kwamba wananchi wanaipenda Seva yao. Nilialikwa Wizarani kupewa cheti cha Mwandishi Bora wa Taifa. Nilivaa gauni langu la sherehe. Nikiwa njiani mtu fulani alizisoma barua zenyewe, na nilipofika cheti kilikuwa kimegeuzwa kuwa hati ya mashtaka. Karatasi ilikuwa ile ile, yenye maua pembeni.

"Bi Kidawa," alisema mwenyekiti wa kamati, "umeandika barua taka elfu arobaini na moja kwa wiki moja."

"Baba, mimi naandika kwa kidole kimoja."

Wakataka kuthibitisha. Walinipa simu, wakaweka saa mezani. Niliandika: Salha mwanangu, umekula? Ilinichukua dakika nne, maana alama ya kuuliza imejificha. Wakapiga hesabu kwa mashine mbili. Wakakuta kwamba kwa kidole kile ningehitaji siku mia moja na kumi na nne, bila kulala wala kuswali. Wakanong'onezana. Halafu mwenyekiti akasoma uamuzi: kwa kuwa kazi ilikamilika kwa siku saba, kamati imeridhika kwamba mtuhumiwa ana vidole vingine kumi na vitano ambavyo hajavitangaza.

Niliwaonyesha mikono. Waliitazama kwa makini na kuishukuru. Nikaingizwa kwenye Orodha ya Wasumbufu, nikakatazwa kutuma barua yoyote. Kupokea nikaruhusiwa.

Ndivyo nilivyozuiwa kumuuliza mwanangu kama amekula. Ilikuwa siku ya sitini na saba.

*

Aliyenisindikiza mpaka getini alikuwa fundi wa Seva Kuu, mama wa makamo aitwaye Tausi. Alikuwa amekaa nyuma ya kamati siku nzima bila kuulizwa neno. Alinishika mkono kwenye ngazi, ingawa ngazi zilikuwa mbili tu.

"Pole, Bi Kidawa. Hukuandika wewe."

"Najua, mwanangu. Nani basi?"

"Matapeli. Hata nchi yao hatuijui. Wao wanaandika jina lolote nyuma ya bahasha, na safari hii wameokota lako. Seva inapokea kwa mikono miwili, halafu inagundua mwenyewe hayupo, inakurudishia wewe."

"Si muwaulize mlangoni?"

Akacheka kicheko kidogo kisicho na furaha. "Nilipendekeza mwaka juzi. Ni mstari mmoja tu wa kubadilisha. Nikaandikiwa onyo la utovu wa adabu."

Tulipofika getini alisimama. "Naweza kukufutia yote sasa hivi, simu ipumzike. Ila nikwambie kitu. Matapeli hawa hawana orodha ya watu. Wanabahatisha. Wanachukua kila jina wanalolijua na kuliandikia katika kila jengo la nchi hii. Na Seva, kwa adabu yake, ikiulizwa inapokelea majengo gani, inayataja yote. Hata yasiyokuwa kwenye ramani." Akanitazama. "Kila jina, Bi Kidawa. Kila jengo. Mimi ningekuwa wewe, nisingefuta."

Sikumwelewa vizuri. Lakini tangu utoto nimefundishwa kwamba barua iliyofika kwako isomwe, na mchele utakaouinjika upembuliwe. Nilianza kesho yake asubuhi, kwenye kibaraza, miwani puani. Barua elfu mbili na mia tatu kwa siku. Hajulikani. Hajulikani. Hajulikani. Mwanamkuu aliniletea uji saa nne na kunisomea macho yangu yalipochoka, akiruka zile za nywele bandia, kwa kuwa zilimtamanisha.

Siku ya themanini redio ikatangaza Wiki ya Usafi wa Barua. Jumatatu ya siku ya themanini na tisa, marejesho yote yangefutwa kwenye simu za wananchi, ili tuanze upya tukiwa wasafi.

Nikaanza kusoma na usiku.

*

Siku ya themanini na tano, kabla uji haujaja, niliipata.

"Barua yako kwa Salha Kidawa, Nyumba ya Mapumziko Namba Nne, kuhusu kushinda gari jipya, imeshindwa kufika. Maelezo: sanduku la mpokeaji limejaa."

Niliisoma mara nyingi. Mwanamkuu alipokuja nikampa naye asome.

"Limejaa," akasema.

"Limejaa."

"Kidawa. Sanduku la mtu asiyekuwepo linajaaje?"

Uji ulipoa.

Nilikwenda dirisha la tatu nikiwa nimevaa lile gauni la sherehe. Bwana Kilimba akasimama kunisalimia. Nikampitishia simu. Alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Nikaona shingo yake imelowa jasho.

"Bibi, umeipata wapi hii?"

"Nimeletewa na Serikali. Imekuja yenyewe, pamoja na maelezo."

"Ngoja." Akanirudishia simu, akaingia ndani. Nilisubiri mpaka wakafunga madirisha mengine yote na kufagia. Alirudi akiwa na uso wa mtu aliyefokewa.

"Wizara inakushukuru sana kwa kutuonyesha hitilafu. Imesharekebishwa."

Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Ilitoka kwa hakuna mtu: "Marekebisho. Barua yako kwa Salha Kidawa imeshindwa kufika. Maelezo: mtumiaji hajulikani."

"Mwanangu Kilimba," nikasema, "asubuhi alikuwa na sanduku."

"Nimeagizwa niichukue na simu," akasema, akiitazama meza. Halafu akavuta pazia la dirisha lake taratibu. "Saa za kazi zimekwisha, Bibi. Nitaikumbuka kesho. Nenda haraka."

Sikupata nafasi ya kumshukuru.

*

Siku ya themanini na saba Tausi alikuja nyumbani, akasema ametumwa kukagua simu. Hakuigusa. Aligeuza fomu ya ukaguzi akachora upande wa pili: barabara ya mashariki, kiwanda cha maziwa kilichofungwa, nyuma yake ukuta mrefu, geti la kijani.

"Utapata shida kwa ajili yangu," nikamwambia.

"Nimeitunza mashine ile miaka kumi na tisa," akasema. "Hakuna jengo linalopokea barua nisilolijua. Namba Nne ina masanduku mia mbili na sita, Bi Kidawa. Yote yamejaa." Akanywa maji, akarudisha kikombe mpaka jikoni, akaondoka.

Siku ya themanini na nane nilipika wali wa nazi na maharage. Nikatia kwenye bakuli la bati, nikalifunika, nikalifunga kwa kitambaa cheupe, fundo langu la kawaida, lenye masikio mawili. Mwanamkuu akanisindikiza mpaka kiwandani. Geti la kijani lilikuwa pale. Nikabisha.

Akatoka mlinzi mwenye bunduki begani na ndala miguuni.

"Shikamoo, Mama. Unamtaka nani?"

Nilishtuka. Katika umri wangu wote, katika nchi yetu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa hivyo mlangoni. Naye akashtuka alipojisikia. Akaenda ndani mbio, akarudi na kiti na kikombe cha maji.

"Karibu, Mama. Habari za kwenu?"

"Njema. Namtaka Salha, muuguzi."

"Hapa hakuna watu, Mama. Ni nyumba ya mapumziko."

"Basi hao wanaopumzika, wanakula?"

"Wanakula vibaya... yaani, kama wangekuwepo."

Nikasimama, nikamnyooshea bakuli. "Mwanangu, sikuombi unijibu kama yupo. Nakuomba upokee. Kama hayupo, nirudishie. Nimezoea."

Alilitazama bakuli, akatazama nyuma yake, akatazama tena bakuli. Lakini alikuwa mtoto wa nchi hii, alilelewa kama tulivyolelewa sote. Akaiegemeza bunduki ukutani na kulipokea kwa mikono miwili.

Tulikaa. Mwanamkuu alihesabu matofali ya ukuta, akakosea, akaanza tena. Jua lilitoka upande mmoja wa geti likaenda upande wa pili. Kisha kimlango kidogo kikafunguka, mlinzi akalitoa bakuli bila kunitazama, akafunga.

Lilikuwa jepesi. Lilikuwa limeoshwa. Na kitambaa kilikuwa kimefungwa kwa fundo bapa, ncha zimefichwa chini, zisimkwaruze mgonjwa.

*

Jumatatu marejesho yote yalifutwa. Jumanne, siku ya tisini, jina la Salha lilifutwa kwenye Daftari, na kadi yangu ya familia ikasahihishwa: "watoto: hapana". Aliyepiga muhuri dirisha la tatu hakuwa Bwana Kilimba. Nilimuulizia. Yule kijana mpya alinijibu kwa adabu kwamba dirisha lile halijawahi kuwa na mtu kabla yake.

Jioni ile Mwanamkuu alinisaidia kumwandikia Tausi kwa simu yake yeye, maana mimi bado ni msumbufu. Tulimshukuru kwa mchoro, tukamwalika chakula. Jibu lilikuja kabla hatujaweka simu mezani. Lilitoka kwa hakuna mtu.

Siku hizi napika zaidi. Mlinzi ameshanizoea, kiti kinanisubiri nje.

"Leo mabakuli matatu, Mama?" aliniuliza mara ya kwanza nilipoyaleta.

"La Salha, la Tausi fundi wa Seva, na la Bwana Kilimba wa dirisha la tatu. Hilo lake lisiwe na pilipili, ana tumbo la mawazo."

"Mama, hao wote hawajulikani."

"Najua, mwanangu. Wapelekee hivyo hivyo."

Aliyapokea kwa mikono miwili, moja baada ya jingine. Nikakaa, nikanywa maji yangu. Mashariki kule kuna upepo mzuri. Kabla ya jua kuzama kimlango kilifunguka, na mabakuli yote matatu yakarudi matupu, bila maelezo.